Meza ya Karani: Mzee Aliyesoma Mstari Mmoja



Jumanne ndiyo siku ya ofisi katika parokia yetu. Watu wa vigangoni huja na mambo yao: huyu ataka cheti cha ubatizo cha mtoto, yule ataka misa ya marehemu baba yake, mwingine hana neno ila amechoka njiani, na kivuli cha mwembe wetu ni kizuri. Mimi nakaa mezani na vitabu vyangu, kalamu na muhuri, na ninaloambiwa naliandika. Lakini Jumanne moja ya Septemba mwaka jana niliandika upesi kuliko ilivyofaa. Habari hiyo ndiyo nataka kuwasimulia leo.

Alikuja mzee mmoja wa kigango cha mbali. Amenipa ruhusa kuandika habari yake, ila bila jina lake wala la kijiji chake. Nilimwamkia, akaitikia, lakini kiti nilichomsogezea hakukitazama. Alikuwa na Biblia kwapani.

"Mwanangu," akasema, "fungua kitabu cha matangazo ya ndoa, uandike."

Nikafungua. Akanitajia jina la binti yake, mwenye miaka 22, fundi wa cherehani. Kisha jina la bwana mmoja mnunuzi wa mazao, apitaye vijijini na lori kila msimu. Nikaandika majina yote mawili kwa mwandiko mzuri. Ndipo nikauliza neno nililopaswa kuuliza kwanza: "Baba, nao wenyewe wako wapi?"

"Binti yuko nyumbani, analia. Ana mimba ya miezi mitatu. Bwana yule alimwambia atamwoa, akamlisha maneno matamu msimu mzima, na sasa anasema hamjui. Haidhuru. Mungu anamjua." Akafunua Biblia mahali alipokuwa ametia unyoya wa kuku, akaweka kidole. "Soma."

Ilikuwa Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 16. (Katika Biblia nyingine mstari huo huhesabiwa wa 15, msije mkanilaumu.) Maana yake ni hii: mwanamume akimshawishi mwanamwali ambaye hajaposwa, akalala naye, ni lazima amtolee mahari na kumwoa.

"Umeona?" mzee akasema. "Ni amri. Amemharibu, amchukue. Kamwambie Baba Paroko amwite kwa nguvu, hata kwa polisi, wafunge ndoa kabla tumbo halijaonekana."

Nikamwambia, "Baba yangu, tafadhali soma na mstari unaofuata."

Akasoma polepole, midomo ikicheza. Mstari wa 17 wasema kwamba baba wa msichana akikataa kabisa kumtoa, basi yule mwanamume atapima fedha ilivyo desturi ya mahari ya wanawali, ailipe hivyo hivyo. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena.

"Yaani naweza kukataa, na deni likabaki kwake?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo ndipo alipoketi.

Wasomaji, msimcheke mzee huyu. Nimekutana na wengi, na baadhi yao ni walimu wa dini, walioshika mstari ule wa kwanza kama fimbo na kuuacha wa pili. Wadhani Biblia yasema: msichana akiharibiwa, dawa yake ni kumtwaa aliyemharibu. Lakini tazameni vizuri sheria ile inamshika nani. Inamshika mwanamume. Yeye ndiye aliyeshawishi, na yeye ndiye atakayelipa, akipewa mke au asipopewa. Msichana hatozwi kitu, hapigwi, hafukuzwi nyumbani.

Na huo mstari wa pili una akili nyingi. Fikirini kijana mjanja anayemtaka binti wa mtu, naye ajua kwamba baba wa binti hampendi. Akisikia mstari wa kwanza tu atasema, "Vema, nitamlaghai binti kwanza, na baba atashindwa, lazima anipe." Mstari wa pili unamfungia njia hiyo. Hila haimpatii mtu mke.

Tena iliteni sheria hiyo na ya jirani zao. Waashuru waliacha vibao vya sheria vyenye umri wa kama miaka 1,100 kabla ya Kristu. Humo imeandikwa kwamba mtu akimshika kwa nguvu mwanamwali wa watu, baba wa msichana aweza kumtwaa mke wa mkosaji ili naye atendewe vilevile. Na kama msichana alikubali mwenyewe, mwanamume alipe fedha, kisha baba amfanye binti yake apendavyo. Mnaona? Kule mke asiye na kosa analipa kosa la mumewe, na binti anaachwa mikononi mwa hasira ya baba yake. Kitabu cha Kutoka hakisemi hivyo hata kwa neno moja.

Neno la Kiebrania lililoandikwa pale kwa mahari ni "mohar". Linatokea mara tatu tu katika Agano la Kale zima: hapa, katika habari ya Dina, na pale mfalme Sauli alipomwambia Daudi ni mahari gani anayoitaka kwa binti yake. Hata sisi tunalo neno hilo mdomoni kila siku, maana "mahari" yetu imetoka katika "mahr" ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Mzee wangu alipenda sana kusikia hivyo. Alilirudia mara mbili: mohar, mahari.

Kisha akauliza swali gumu. Alikuwa amepata kusikia habari ya shekeli hamsini, na kwamba mwanamume hawezi kumwacha mwanamke huyo siku zote za maisha yake. Je, hiyo si amri ya kuoa?

Hiyo ipo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mistari ya 28 na 29, nayo yasema neno jingine. Kule Kutoka neno ni kushawishi. Hapa neno ni kushika, kukamata kwa mkono. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu kama kumi na moja hivi. Kwa hiyo hamsini zapita nusu kilo ya fedha, mali nyingi kwa mkulima wa siku zile. Na ni kweli, sheria yasema atamwoa wala hatamwacha. Masikioni mwetu sheria hii inauma, wala sitaki kuipaka asali. Siku zile msichana wa namna hiyo hakuna aliyemposa tena, akabaki bila nyumba na bila mtu wa kumlisha uzeeni. Ndiyo maana mkosaji alifungwa kumtunza. Someni habari ya Tamari binti wa Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni alijifanya mgonjwa ili amwandalie chakula, akamshika kwa nguvu, kisha akamfukuza. Naye Tamari akamlilia kwamba kumfukuza ni ubaya uliozidi ule wa kwanza. Lakini Kanisa halifungishi ndoa za namna hiyo. Kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa yasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyoletwa kutoka nje ni batili. Maana yake si ndoa, hata kama padre amebariki, na keki imekatwa, na ng'ombe wamefika zizini.

Sura hiyo hiyo ina maneno ambayo ningependa kila mzazi ayasome. Ni juu ya msichana aliyeposwa, akakutwa na mwanamume porini, akashikwa kwa nguvu. Sheria yasema msichana hana kosa, kwa kuwa ni kama mtu aliyeinukiwa na jirani yake akauawa. Yaani hakuna anayemwuliza marehemu, "Kwa nini ulipita njia ile?" Sheria yadhani kwamba alipiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Yamhesabia ukelele ambao hakuna aliyeusikia.

Mjini sheria ilikuwa kali zaidi, kwa maana asiyepiga kelele mjini alihesabiwa kuwa amekubali. Na hapo sisi Wakatoliki tunalo jambo la kuongeza, kwani Biblia zetu zina sura ya 13 ya Danieli, habari ya Susana. Alipiga kelele. Alipiga kelele kwa sauti kubwa katika bustani ya mumewe, lakini wale wazee wawili nao walipiga kelele juu yake, na mmoja akakimbia kuufungua mlango. Watu wakawaamini wao, kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine kabisa. Kumwuliza mtu peke yake! Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Sasa nije kwenye neno lenyewe la kushawishi. Padre mmoja aliyefundisha Maandiko seminarini alinionyesha katika Biblia ya Kiebrania. Neno ni "patah". Wataalamu wengi husema shina lake ni kuwa wazi, kuwa na nafasi. Kutoka humo ndimo linamotoka "peti", jina ambalo Kitabu cha Mithali humwita kijana asiye na uzoefu, aaminiye kila aambiwalo. Yeye si mtu mbaya. Ni kama nyumba isiyo na komeo: rafiki anaingia na mwizi anaingia. Basi kushawishi, kwa Waebrania, ni kumfanya mtu kuwa nyumba ya namna hiyo.

Wakuu wa Wafilisti walimwambia Delila "amfungulie" Samsoni, wakamwahidi fedha vipande 1,100 kutoka kwa kila mmoja wao. Ni neno hilo. Mithali, sura ya kwanza, yamwonya kijana asikubali wenye dhambi wakimshawishi. Ni neno hilo. Sisi tuna methali kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Pale Edeni, nyoka ndiye aliyemtoa mtu.

Lakini sikieni ajabu. Nabii Yeremia, sura ya 20, alipochoka kuchekwa na watu, alimlalamikia Mungu kwamba amemshawishi, naye akashawishika. Tena kwamba amemzidi nguvu. Neno la kwanza ni lile la sheria ya Kutoka, na la pili ni la ukoo mmoja na lile la msichana aliyeshikwa porini. Nabii alithubutu kusema na Mungu kwa lugha ya binti aliyeharibiwa, na Mungu hakumwua. Mimi nilikaa kimya muda mrefu padre aliponionyesha hayo. Na Hosea, sura ya 2, anaandika kwamba Mungu atamshawishi Israeli, mke wake mkosefu, atampeleka jangwani na kusema naye moyoni. Ni "patah" ile ile.

Basi tufanyeje, ikiwa mlaghai na Mungu wanaitwa kwa neno moja? Binti atajuaje ni nani anayebisha hodi?

Usemi huo wa "kusema moyoni" waweza kutusaidia, kwa kuwa nao watumika mahali pengi. Katika Mwanzo, sura ya 34, Shekemu mwana wa Hamori alimwona Dina binti Yakobo. Tazameni jinsi maneno yanavyofuatana: alimwona, akamtwaa, akalala naye, akamdhili, baadaye ndipo alipompenda na kusema naye moyoni. Maneno matamu yalikuja mwisho, kama kitambaa cha kufunika jeraha alilolitia yeye mwenyewe. Kisha baba yake akaja kwa Yakobo kuposa, na Shekemu akasema waongeze mahari kiasi wapendacho, atatoa. Maneno mazuri hayo, au siyo? Lakini huku wazee wakizungumza mahari, Dina yumo nyumbani mwa Shekemu, hakurudishwa kwao. Na katika sura ile nzima Dina hasemi neno hata moja. Baba anasema, kaka wanasema, Shekemu anasema, Hamori anasema. Dina hakuulizwa.

Kaka zake nao hawakuwa bora. Waliwajibu kwa "mirma", ndiyo hila. Ni neno ambalo Isaka alilitumia kumwambia Esau jinsi Yakobo alivyokuja na kuchukua baraka yake. Na Yakobo mwenyewe, aliyemtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, alipoamka asubuhi akamkuta Lea, alimlalamikia Labani kwa neno la shina hilo hilo. Hila ilizunguka katika nyumba ile kutoka baba hadi wana, na mwisho wake wanaume wa mji mzima wakachinjwa, wakiwa wangali na maumivu ya tohara waliyodanganywa kuifanya.

Sasa mtazameni Boazi katika Kitabu cha Ruthu. Ruthu ni mgeni, maskini, mjane, anaokota masazo shambani. Boazi kwanza anawaamuru vijana wake wasimguse. Kisha anasema naye kwa upole, na Ruthu mwenyewe ndiye anayesema kwamba bwana huyu amesema na moyo wake. Usiku ule wa uwanja wa kupuria, giza lipo, nafasi ipo, Ruthu amelala miguuni pake. Angetaka, nani angejua? Alimwacha alale salama hadi alfajiri, akamtilia shayiri vipimo sita katika shela yake asirudi mikono mitupu kwa mkwewe, naye akaenda langoni mwa mji, akaketi, akawaita wazee kumi wasikie.

Maneno ni yale yale, wasomaji. Shekemu alisema moyoni na Boazi alisema moyoni. Ukiwa binti, usisikilize utamu tu. Tazama kama anaelekea langoni. Mtu anayekuambia, "Tusiwaambie wazee kwanza," mwulize ni lini. Na hata Mungu katika Hosea, akiisha kumshawishi Israeli, hakuishia hapo. Anasema atamposa kwa haki, kwa hukumu, kwa fadhili, kwa rehema na kwa uaminifu. Hayo ndiyo mahari anayoleta. Ni kana kwamba Mwenyezi Mungu ameisoma sheria yake ya Kutoka, akaona kwamba aliyeshawishi lazima alipe, akalipa.

Lango letu sisi ni mlango wa kanisa na kile kitabu cha matangazo. Nirudi kwacho.

Nilimweleza mzee kwamba zamani za Musa aliyeweza kukataa alikuwa baba, lakini leo wa kukubali au kukataa ni binti mwenyewe, kwa sheria ya Kanisa na kwa Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971, itakayo hiari ya wote wawili. Alikunja uso. "Kwa hiyo mimi sina neno?" Nikamjibu, "Neno unalo, baba. Neno lako ni kutomlazimisha."

Juma lililofuata alimleta. Baba Paroko alimhoji binti peke yake, mlango ukiwa umerudishwa, kama iwapasavyo wachumba wote, kila mmoja kwa zamu yake. Baba yake alikaa kwangu akichezea kofia. Nilimwambia kwamba Danieli naye alifanya hivyo, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza.

Binti alipotoka hakumwendea baba yake. Alikuja moja kwa moja mezani pangu. "Mwalimu," akasema, "jina langu limo humo?" Nikasema limo. "Nani alikwambia uliandike?"

Sikuwa na jibu. Nilifundishwa chuoni kumwuliza mtoto jina lake kabla ya kuandika orodha ya darasa, nami nilikuwa nimemwandika mwanamke mzima katika kitabu cha ndoa kwa kidole cha baba yake. Nikamwomba radhi.

"Lifute," akasema. "Aliniambia maneno nikayaamini. Hilo ni langu, wala simsingizii mtu. Lakini alinikana mbele ya baba yangu. Mtu wa namna hiyo siwezi kufunga naye mlango mmoja mpaka kufa."

Kitabu cha parokia hakifutwi kwa kisu wala kwa mpira. Nilipiga mstari mmoja, nikaandika kando, "Yameondolewa kwa ombi la binti," na tarehe. Baba yake alitazama kalamu yangu ikipita. Sikujua kama angekasirika. Alisema tu, "Twende nyumbani, mama." Na kwa namna alivyolitamka hilo "mama," nilijua kwamba hatamfukuza.

Wapo watakaoniuliza: je, kama bwana yule angekubali kuoa, nako nyumbani kwake ana mke aliyemficha? Hayo hutokea, ndiyo maana tunaomba cheti kipya cha ubatizo, kwa sababu ndoa ya Kanisa huandikwa katika kitabu cha parokia alikobatizwa mtu. Na tangu Sheria za Kanisa za mwaka 1983 kuna kanuni ya 1098: mtu akidanganywa kwa hila ili akubali ndoa, juu ya jambo la mwenzake liwezalo kuvuruga sana maisha yao, ndoa hiyo ni batili. Katika sheria za mwaka 1917 kanuni hiyo haikuwamo. Kulikuwa na lile la kukosea mtu mwenyewe, kama Yakobo na Lea. Kanisa nalo huendelea kujifunza ujanja wa watu.

Na niseme jambo jingine wazi, wazazi mnisikie. Nimesimulia habari ya mwanamke wa miaka 22. Kama ni mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na sita, msije ofisini kwangu na Kutoka 22, wala msikae na mkosaji chini ya mti kuhesabu mbuzi. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi yetu yasema mtu akilala na msichana asiye mke wake, aliye chini ya miaka 18, ni ubakaji, hata kama msichana alisema ndiyo. Na sheria ya elimu, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, yampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mbuzi wale mnaowala ni bei ya kumnyamazisha mtoto.

Mzee hakusahau mstari wake wa 17. Alikwenda kwa wazee wa kigango, wakamwita bwana yule msimu ulipokuwa unakwisha. Alikuja, akakiri mbele yao, akaahidi ng'ombe wawili na matunzo. Mmoja alifika. Niliwaambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mama nafasi ya kwenda mahakamani kudai matunzo, na ile ya ndoa yamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya uchumba kudai fidia. Binti amesema atangoja kidogo. Anashona sare za shule, na kazi ni nyingi.

Mtoto alizaliwa Machi mwaka huu, wa kike, mzima. Tulimbatiza Jumatatu ya Pasaka. Babu yake ndiye aliyemshika, na kofia mpya kichwani mpaka Baba Paroko alipomwashiria aivue. Nilipoandika, kwanza nilimwuliza mama yake kila jambo, jina kwa jina. Jina la baba sikuliandika. Wazazi wasiofunga ndoa, jina la baba laandikwa ikiwa kuna hati ya serikali, au yeye mwenyewe akifika mbele ya paroko na mashahidi wawili na kukiri kwamba mtoto ni wake. Nimeacha nafasi.

Mzee akipita Jumanne huchungulia dirishani na kuniuliza, "Amefika na wale wawili?" Namwambia bado. Huketi kidogo chini ya mwembe, kisha huenda zake. Alizeti zimeanza kukauka mashambani, na malori yataanza kupita.